Tairi la Nyuma na Gunia la Mahindi

Pikipiki zinazobeba abiria na mizigo Kitale na Bungoma, nyingi zikiwa Boxer na TVS zenye injini ndogo, huvaa matairi membamba yenye maandishi ubavuni ambayo wanunuzi wengi hawayasomi, ingawa ndiyo yanayoonyesha iwapo tairi litaimudu kazi linalonunuliwa kuifanya. Dukani mteja hutazama bei, kisha ukubwa wa kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, na mara nyingi huishia hapo. Ingefaa aanze na mzigo, afuatie udongo, na bei ije mwisho.

Tairi la nyuma lililoandikwa 3.00-17 50P lina upana wa inchi 3 na huingia kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 17. Herufi P huonyesha mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, ambao bodaboda haiufikii, lakini 50 ni namba ya mzigo, na katika jedwali linalotumiwa na watengenezaji duniani kote namba hiyo humaanisha kilo 190. Tairi jingine la vipimo vilevile huweza kuandikwa 45, yaani kilo 165, na kwa macho hayo mawili hayatofautiani. Pikipiki ya kilo 120 hivi huegemeza karibu nusu ya uzani wake kwenye gurudumu la nyuma. Dereva wa kilo 70 huongeza hapo takriban kilo 45. Na gunia la mahindi la kilo 90, likifungwa kwenye keria iliyo juu ya ekseli au nyuma yake, hulalia tairi hilo lote zima. Jumla ni kilo 195. Gunia moja tu, basi, limekwisha kulipita hata tairi lililo imara zaidi kati ya hayo mawili, na wakati wa mavuno huko Trans Nzoia si ajabu kuona magunia mawili. Alama ya 6PR, ambayo wauzaji huisifia, ni kipimo cha uimara wa kiunzi cha tairi na si lazima iwe idadi ya tabaka zilizomo ndani. Hailifuti kikomo cha kilo.

Upande wa udongo, kashata kubwa zilizoachana hufaa kwenye udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Elgon, kuelekea Kapsokwony, kwa sababu nafasi zilizo kati yake hulitema tope gurudumu linapozunguka. Kwenye lami ya Webuye hadi Kitale kashata hizohizo hujipinda, huisha upesi, na hugusa barabara kwa eneo dogo, jambo linalorefusha umbali wa kusimama. Anayeshinda mjini na kuingia vijijini mara mojamoja atafaidika zaidi na tairi la kashata za wastani. Pikipiki za mbio ziko mwisho kabisa wa upande wa pili: tairi lake la nyuma, kwa mfano 180/55ZR17, ni pana na lina mifereji michache, kwa kuwa mpira wake laini hushika lami ukisha kupata joto, na kwenye murram yenye kokoto halina msaada.

Umri nao husomeka ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, kama 2422, ni wiki ya 24 ya mwaka 2022. Tairi lililoning'inizwa mlangoni mwa duka likapigwa na jua miezi kadhaa hukauka na kutoa nyufa nyembamba karibu na ukingo wa rimu, ambazo huonekana vyema likibinywa kwa vidole. Hilo ni chakavu hata kama halijawahi kugusa barabara.

Liko pia suala la tyubu, ambalo huachiwa fundi. Tyubu iliyokaa muda mrefu ndani ya tairi la zamani huwa imetanuka, na ikirudishwa ndani ya tairi jipya hujikunja. Mkunjo huo husuguliwa kila gurudumu linapozunguka hadi utoboke, na pancha inayotokea hudhaniwa kuwa ni ya msumari.