Propela isiyoendana na boti hula mapato ya mvuvi

ZIPO boti mbili za urefu mmoja, zilizofungwa injini za kupachika zenye nguvu sawa, ambazo huondoka pwani moja alfajiri moja kwenda kuvua katika eneo moja. Moja hurejea na akiba ya petroli katika dumu, na nyingine hulazimika kukopa lita chache kwa wenzake ili ifike nyumbani.

Hali hiyo si ngeni kwa wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki na wa maziwa makuu. Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye injini, kwa fundi aliyeifungua mara ya mwisho au kwa muuza mafuta. Kifaa ambacho watu wachache hukitilia shaka ni kile kilicho chini ya maji, yaani rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela.

Propela ndiyo inayogeuza nguvu ya injini kuwa mwendo wa boti. Injini ikiwa nzima lakini propela haiendani na chombo, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotelea majini, na mvuvi hulipia petroli isiyompeleka popote.

Hasara hiyo si ndogo. Injini ya petroli ya mipigo miwili ya aina ya zamani, ikifunguliwa mafuta hadi mwisho, hutumia takriban nusu lita kwa saa kwa kila nguvu ya farasi mmoja. Maana yake ni kwamba injini ya nguvu za farasi 15 huweza kunywa lita 7 kwa saa, na ile ya nguvu za farasi 40 hufikia lita 20.

Katika vyombo vingi, gharama ya mafuta hutolewa kwanza kabla ya mapato kugawanywa kati ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Kwa sababu hiyo, kila lita inayopotea hupunguza mgawo wa kila aliyemo chomboni, hata yule asiyejua propela imeandikwa namba gani.

Suala hilo lina uzito zaidi kwa wanaolipa mikopo. Katika miaka ya 2023 na 2024, Serikali ya Tanzania iligawa boti za kisasa kwa wavuvi kwa mikopo isiyo na riba. Mwenye deni anahitaji boti inayorudisha fedha, na injini iliyoungua kabla ya wakati humwachia deni bila chombo cha kulilipia.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ambalo mwaka 2012 lilitoa mwongozo wa kupunguza matumizi ya mafuta katika vyombo vidogo vya uvuvi, ni miongoni mwa taasisi zinazosisitiza kuwa uchaguzi wa propela ni sehemu muhimu ya kazi hiyo.

Namba mbili katika propela

Kwa kawaida propela huwa na namba mbili zilizochongwa au kupigwa mhuri katika kitovu chake. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yake. Namba ya pili ni hatua, ambayo mafundi huiita pichi. Zote mbili hupimwa kwa inchi.

Hatua ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita katika kitu kigumu, mithili ya skrubu inavyozama ndani ya ubao. Propela yenye hatua ya inchi 10 ingesogea inchi 10 kwa kila mzunguko.

Chukua mfano wa injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, ambayo giaboksi yake hupunguza mizunguko hiyo kwa nusu. Propela itazunguka mara 2,500, na kama hatua yake ni inchi 10, ingesafiri inchi 25,000 kwa dakika. Huo ni mwendo wa kilometa 38 kwa saa.

Hata hivyo, maji si ubao. Propela huteleza, na boti haifikii mwendo huo. Kwa boti nyepesi yenye kitako laini, mtelezo wa asilimia 10 hadi 20 ni wa kawaida. Kwa boti nzito ya mbao iliyosheheni nyavu, barafu na watu, nusu ya mwendo huo au zaidi huweza kupotea.

Njia rahisi ya kuielewa hatua ni kuifananisha na gia za gari. Hatua ndogo ni kama gia namba moja: nguvu ni nyingi na mwendo ni mdogo. Hatua kubwa ni kama gia ya mwisho, ambayo hufaa barabara tambarare. Dereva anayepandisha lori lenye shehena katika mlima Kitonga kwa gia ya mwisho huiua injini yake, na nahodha anayesukuma boti nzito kwa propela ya hatua kubwa anafanya jambo lile lile.

Injini nyingi huuzwa zikiwa na propela iliyokusudiwa chombo chepesi kinachokwenda kasi. Mnunuzi anapoifunga katika mashua au boti pana ya mbao bila kuibadilisha, tatizo huanza siku hiyo hiyo.

Mizunguko ndiyo kipimo

Kipimo cha kuamua kama propela inafaa ni idadi ya mizunguko ya injini wakati mafuta yamefunguliwa hadi mwisho, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kila mtengenezaji huandika katika kitabu cha injini kiwango kinachotakiwa. Kwa injini nyingi ndogo za mipigo miwili kiwango hicho ni kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika, na kwa nyingi za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000.

Injini ikishindwa kufikia kiwango hicho, propela ni nzito mno. Injini hulemewa, hupata joto, plagi na pistoni hujaa masizi, na hatimaye pistoni huweza kukwama au kuungua. Dalili zake ni boti kuchelewa kuchukua mwendo na injini kunguruma kwa sauti nzito bila kupandisha mizunguko.

Ikizidi kiwango, propela ni nyepesi mno. Injini hupiga kelele na boti haiongezi mwendo, huku vyuma vya ndani vikichakaa haraka. Madhara ya hali zote mbili huishia katika meza ya fundi.

Kwa kukadiria, kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika, na kuiongeza kwa inchi moja huipunguza kwa kiasi hicho hicho. Iwapo injini yenye propela ya hatua ya inchi 13 inaishia mizunguko 4,300 wakati inayotakiwa ni 5,000, propela ya hatua ya inchi 10 itaisogeza karibu na 4,800. Hapo ndipo pa kuanzia majaribio.

Vipimo hivyo havihitaji gharama kubwa. Kipo kipima mizunguko kidogo ambacho waya wake huzungushwa katika waya wa plagi, na simu yenye huduma ya kuonyesha mahali huweza kupima mwendo wa boti. Jaribio lifanyike siku ya bahari tulivu, kwenda na kurudi katika njia ile ile ili kuondoa nguvu ya mkondo, na kitako cha boti kiwe kimekwanguliwa. Boti iliyoota magugu na chaza hutoa majibu ya uongo.

Boti nzito na boti nyepesi

Kabla ya kununua, mvuvi anapaswa kujua chombo chake ni cha aina gani. Boti inayokata maji badala ya kupanda juu yake ina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake. Kwa boti ya urefu wa mita 7 majini, ukomo huo ni takriban kilometa 12 kwa saa. Kuongeza mafuta zaidi ya hapo huifanya ipande wimbi lake yenyewe, na petroli nyingi huteketea kwa ongezeko dogo la mwendo.

Boti ya namna hiyo huhitaji propela yenye kipenyo kikubwa kadiri giaboksi inavyoruhusu, na hatua ndogo. Boti nyepesi ya faiba inayoinuka juu ya maji hunufaika na hatua kubwa zaidi, mradi mizunguko ibaki ndani ya kiwango.

Kwa chombo kinachotoka kitupu na kurudi kimejaa samaki, busara ni kuchagua propela kwa kuzingatia safari ya mzigo, kisha nahodha apunguze mafuta anapokwenda mtupu ili injini isizidishe mizunguko.

Ziwa si bahari

Propela iliyofanya kazi vizuri pwani huweza kuwa nzito katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, injini ya nguvu za farasi 15 mjini Mwanza hufanya kazi kama ya nguvu za farasi 13 na ushei. Mvuvi anayenunua injini Dar es Salaam na kuipeleka ziwani anaweza kulazimika kupunguza hatua kwa inchi moja au mbili.

Mapanga, madini na kina

Propela ya mapanga matatu hufaa kazi nyingi. Ile ya mapanga manne hushika maji vizuri zaidi katika mawimbi na chini ya mzigo, ingawa hupunguza kidogo kasi ya juu.

Kuhusu madini, propela ya aluminiamu ni nafuu, na inapogonga mwamba hupinda au kuvunjika yenyewe. Ile ya chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, lakini ikigonga mwamba kwa nguvu, pigo huweza kufika hadi kwenye shafti na gia. Kwa wanaopita juu ya matumbawe kila siku, aluminiamu mara nyingi ndiyo salama kwa mfuko.

Aidha, meno ya ndani ya kitovu lazima yalingane na ya shafti. Propela yenye namba sahihi lakini ya injini nyingine haitaingia, na kuilazimisha ni kuharibu shafti.

Hata propela sahihi haifai kitu ikiwa injini imefungwa vibaya. Bapa lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na chini ya boti, au chini yake kwa sentimita 2 hadi 3. Injini ikikaa juu mno, propela huvuta hewa na boti hukosa nguvu kila wimbi linapopita. Ikikaa chini mno, huburuta maji na kula mafuta bure. Injini za shafti fupi hutengenezwa kwa tezi yenye kimo cha sentimita 38, na za shafti ndefu kwa sentimita 51.

Pini, bushi na mshipi

Baadhi ya injini ndogo hutumia pini inayokatika propela inapogonga kitu, na nyingine huwa na bushi ya mpira ndani ya kitovu. Vyote viwili vimewekwa ili vife kwanza na kuokoa gia. Kuweka msumari mgumu badala ya pini ni kuondoa kinga hiyo.

Bushi ikichoka, injini hupiga kelele na boti haisogei. Mvuvi asiyelijua hilo huweza kudhani giaboksi imekufa na kuingia gharama isiyo ya lazima.

Mshipi unaojizungusha nyuma ya propela nao ni adui wa kimyakimya. Hukata sili ya shafti, maji yakaingia, na oili ya giaboksi ikageuka kuwa nyeupe kama maziwa. Inafaa propela ifunguliwe mara kwa mara kukagua mshipi, ncha zilizopinda na kingo zilizomeguka. Kabla ya kuigusa, waya wa plagi uchomolewe, kwani kuizungusha kwa mkono huweza kuiwasha injini.

Zaidi ya fedha, lipo suala la uhai. Wakati wa kusi, upepo unapokaza na bahari kuchafuka, boti iliyolemewa hushindwa kuelekeza omo kwenye wimbi, na iliyomaliza mafuta hubaki ikisukumwa na mkondo. Propela ya akiba, pini kadhaa na spana ya kuzifungia ni mzigo mdogo chomboni, lakini ndizo zinazomrudisha nahodha nyumbani siku mwamba unapomkuta kabla hajauona.