Moto gani, mama?

Mtu akipiga kelele "Moto!" hapa Goma au Bukavu, mtageuka upande gani? Kwa Kiswahili chetu ni moto wa makala. Kifaransa kimetuletea moto ya magurudumu mawili, nayo imejaa barabarani. Mama aliyetoka Kinshasa na Lingala yake anasikia "mtu". Sauti ikipanda mwishoni, kwake ni kichwa. Ikipanda mwanzoni, ndiyo moto wa kupikia. Neno fupi hivi!

Nyumbani tunacheka. Kwenye kituo cha afya ni jambo lingine. "Mtoto ana moto": ana homa, au ameungua? "Alichomwa na moto": ni jiko, au bomba la moshi la pikipiki? Kama ni pikipiki, huenda alianguka pia na kuumia kichwa, na muuguzi hawezi kubahatisha. Tuseme wazi: "aliungua kwa jiko", "aligongwa na pikipiki", "ana homa tangu jana".

Na mtoto mdogo akiwa karibu na barabara, "Angalia moto!" haimtoshi. Mwambie: "Pikipiki inakuja, rudi nyuma!"