Mbwa Anaburuta Mguu: Ulipie Umeme?

Bodaboda imemgonga mbwa. Mfupa mzima, lakini mguu wa mbele unaning'inia na anakanyagia mgongo wa vidole. Hapo neva ndiyo iliyoumia, na siku hizi huenda ukashauriwa ulipie vikao vya kuchochea msuli kwa umeme. Anza kwa kulipia uchunguzi. Hakuna pesa utakayoitumia vizuri kuliko hiyo.

Daktari wa mifugo akibana kidole kwa koleo, usitazame mguu, tazama kichwa. Mbwa akigeuka, akilia au akitaka kuuma, maumivu yanafika kwenye ubongo na bado kuna neva ya kuokoa. Mguu kujikunja peke yake hakuthibitishi hilo. Mtazame macho pia: mboni ya upande ulioumia ikiwa ndogo kuliko ya pili, yaelekea mizizi ya neva imeng'oka kwenye uti wa mgongo. Mizizi hiyo haiunganishwi na umeme, na ni dhuluma kumuuzia mtu vikao hapo.

Kama neva ipo, piga hesabu. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku. Jeraha likiwa sentimita 15 kutoka kwenye msuli, ni siku 150, yaani miezi mitano. Kwa vikao vitatu kila wiki, unapita vikao 60. Bei ya kikao kimoja uizidishe kwa 60, uongeze nauli. Hiyo ndiyo bei halisi.

Wengi hukimbilia kununua mashine ndogo ya umeme iitwayo TENS. Inaweza kupunguza maumivu, ila mapigo yake ni ya mikrosekunde mia chache tu, na msuli uliopoteza neva kabisa hauyaitikii. Msuli huo huhitaji mapigo ya milisekunde 10, hata 100 na zaidi. Muulize muuzaji pigo linafika milisekunde ngapi. Akishindwa kujibu, ondoka na pesa zako. Hata mashine inayofaa, kazi yake kubwa ni kuchelewesha msuli kusinyaa.

Umeme wa kuharakisha neva yenyewe ni mwingine. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba saa 1 ya umeme wa hezi 20, mara tu baada ya neva ya panya kushonwa, ilifupisha safari ya neva kukua tena, kutoka wiki 8 hadi 10 ikawa wiki 3. Huo hutolewa kwenye upasuaji, haununuliwi dukani.

Kumnyoosha viungo kila siku ni bure, na soksi ngumu ya kuzuia vidonda ni rahisi. Neva isipopona, kukata mguu hulipiwa mara moja, na mbwa wengi huishi vizuri kwa miguu mitatu.

Ushauri wangu: kama anahisi maumivu, lipia mwezi mmoja mmoja, usilipe kifurushi kizima, na kila mwezi daktari apime upya. Kama hahisi kitu na miezi inapita, pesa ya umeme iweke kwa ajili ya upasuaji wa kukata mguu.