Chupa Zilizosema na Vidole

Kumbi za tiba katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London zilifunguliwa mwezi Novemba 2019, zikiwa na vitu vipatavyo 3,000, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikusanywa kwa amri na kwa fedha za mtu mmoja. Henry Wellcome, mzaliwa wa Marekani aliyetajirika Uingereza kwa biashara ya dawa, alikuwa na uchu wa kukusanya usiokwisha. Alipofariki mwaka 1936 aliacha vitu zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa bado ndani ya makasha. Wageni wa leo husongamana mbele ya misumeno ya kukatia viungo na vyombo vingine vya kutisha. Rafu za chupa na vichupa vya kioo huzipitia kwa macho tu, wakaenda zao. Wanapoteza mengi, maana hakuna kitu katika kumbi hizo kinachoeleza wazi zaidi jinsi dawa na sumu zilivyokaa jirani majumbani mwa watu, na jinsi ujirani huo ulivyogharimu maisha.

Chupa ya kale husomwa kuanzia chini. Katika tako lake huweza kuonekana kovu la mviringo, lenye kingo za kukwaruza, mahali fimbo ya chuma iliposhikilia kioo cha moto wakati fundi akiifinyanga shingo na mdomo. Kovu hilo ni dalili ya chupa iliyotengenezwa kwa pumzi na mikono, aghalabu kabla ya miaka ya 1860. Kisha jicho lipande ubavuni kuutafuta mshono ulioachwa na kalibu. Mshono ukikoma chini kidogo ya mdomo, mdomo ule ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi ukavuka ukingo wa mdomo, chupa hiyo ni mtoto wa mashine, na mashine iliyobadili kazi hiyo ni ile ya Michael Owens wa Toledo, katika jimbo la Ohio, iliyopata hataza mwanzoni mwa karne ya 20. Viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya kioo, ubavu mmoja ulio mnene kuliko mwingine, shingo iliyoinama kidogo kama ya mtu anayesikiliza: haya yote ni alama za kazi ya mkono, nayo hupungua kadiri miaka inavyosogea.

Rangi nayo ina sababu. Mchanga wa kawaida una chembe za chuma, na chuma hukipa kioo ule ukijani hafifu ambao mafundi wa kale hawakuuchagua, waliupata tu. Oksidi ya kobalti hutoa buluu nzito isiyofanana na nyingine yoyote. Kahawia huzuia sehemu ya mwanga inayoharibu dawa, na ndiyo maana dawa nyingi za maji hufungashwa humo hadi leo. Mgonjwa anayedhani rangi ile ni pambo la kiwanda na kuihamishia dawa yake katika chupa nyeupe ya kuvutia huwa ameiondolea dawa mwavuli wake.

Hata hivyo, chupa zinazostahili kusimamiwa kwa muda mrefu zaidi ni zile za buluu na za kijani kibichi zenye pembe sita. Pande zake tatu huwa laini, na pande nyingine zina matuta membamba yaliyosimama wima kama mbavu. Juu yake yametuna maneno, yamemiminwa pamoja na kioo chenyewe, yakionya kwamba kilichomo hakinywewi. Karatasi ingeweza kubanduka kwa unyevu au kufutika kwa mafuta. Maneno ya kioo hayabanduki. Na hata asiyejua kusoma, au anayejua lakini yumo gizani, angeipapasa chupa hiyo na vidole vikamwambia: hii siyo.

Giza hapa si lugha ya mapambo. Nyumba ya Uingereza ya karne ya 19 iliangazwa kwa mshumaa au taa hafifu, na kando ya kitanda cha mgonjwa zilisimama chupa mbili zenye ukubwa mmoja: moja ya dawa ya kunywa, ya pili ya dawa ya kuchua iliyotiwa sumu kama akonaiti au beladona. Anayeuguza huamka saa nane za usiku, macho yamejaa usingizi, mgonjwa anagumia, mkono unanyooka kuelekea rafuni. Kosa la namna hiyo halikuhitaji uzembe mkubwa. Lilihitaji chupa mbili zinazofanana.

Unga nao ulikuwa na hatari yake. Aseniki nyeupe, iliyouzwa kwa bei nafuu kwa ajili ya kuua panya, haina harufu wala ladha ya kumshtua mtu, na kwa macho hufanana na unga wa ngano au sukari iliyosagwa. Sheria ya mwaka 1851 iliwataka wauzaji waandike jina la mnunuzi katika daftari na waichanganye aseniki na masizi au nili ili weupe wake usidanganye. Sheria haikutosha. Mwaka 1858, mjini Bradford, mtengeneza peremende aliyezoea kupunguza gharama ya sukari kwa kuichanganya na unga wa jasi alituma mtu kwa mwuza dawa kuununua unga huo. Msaidizi wa duka alipanda darini, akachota katika pipa asilolijua vyema, akapima ratili 12 za aseniki. Peremende zilipikwa, zikauzwa sokoni. Watu wapatao 200 waliugua na takriban 20 walifariki, wakiwamo watoto. Pipa la aseniki na pipa la jasi yalikuwa yamekaa pamoja, na hapakuwa na alama ya maana ya kuyatofautisha.

Msiba wa Bradford ulitajwa sana katika mijadala iliyozaa Sheria ya Ufamasia ya mwaka 1868, ambayo iliorodhesha sumu, ikaamua nani anaweza kuziuza, na ikalazimu kila chombo cha sumu kiandikwe jina la kilichomo pamoja na neno la onyo. Mafundi wa kioo walikuwa tayari wameanza kushindana kubuni chupa zisizoweza kukosewa. Fikra hiyo iliishi muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1978 Uingereza ilikuwa bado inatunga kanuni za kutaka baadhi ya dawa za maji za kupaka ziuzwe katika chupa zenye mbavu.

Ushindani ule ulizaa pia vituko. Mwaka 1894 nchini Marekani ilitolewa hataza ya chupa yenye umbo la fuvu la binadamu, juu ya mifupa miwili iliyopishana. Wakusanyaji wa leo huigombania kwa fedha nyingi. Daktari wa watoto ataitazama kwa wasiwasi, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili haoni mauti katika fuvu. Anaona sura, na sura hupendwa. Jambo hili lilithibitika kwa njia nyingine mjini Pittsburgh, ambako hospitali ya watoto ilibaini kwamba alama ya fuvu iliwakumbusha watoto maharamia wa hadithi, na kwa kuwa timu ya besiboli ya mji huo nayo inaitwa kwa jina la maharamia, alama ile iliwavuta badala ya kuwafukuza. Mwaka 1971 hospitali hiyo ilitoa alama mpya: uso wa kijani uliokunjamana, ulimi nje, kama wa mtu aliyeonja kitu kibaya. Onyo linalofaa kwa mtu mzima huenda lisimfae mtoto, na buluu ya kobalti yenye kumeremeta, kwa uzuri wake wote, haikuwa salama mbele ya mtoto anayetambaa.

Zipo pia chupa zilizonyamaza. Dawa ya kutuliza watoto iliyojulikana kwa jina la Bi Winslow, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1849, ilikaa katika kichupa chembamba cha kioo kisicho na rangi, bila tuta wala pembe. Matangazo yake yalipambwa kwa picha za mama na mtoto wake. Ndani mlikuwa na mofini. Mtoto aliyelia kwa meno alinyamaza, na wapo walionyamaza moja kwa moja. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1906 iliyowalazimu watengenezaji wataje mofini na afyuni kwenye lebo. Mtu akiiweka chupa hiyo kando ya ile ya buluu yenye mbavu, ataona kwamba ya kutisha ndiyo iliyokuwa mwaminifu.

Mtazamaji atokaye Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka karne ili aelewe. Katika nyumba nyingi mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo dukani na kubebwa katika chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa au soda. Hali ni hiyo hiyo kwa tindikali ya betri, kwa dawa ya kuua wadudu iliyopunguzwa shambani, kwa maji ya kung'arisha nguo, na kwa kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Kwa mtoto mwenye kiu, chupa ile imekwisha kufundisha somo lake: kilichomo hunywewa. Kazi yote ambayo mafundi wa kioo waliifanya kwa matuta na pembe sita hutenguliwa kwa kitendo kimoja cha kumimina.

Matokeo yake wodini yanajulikana. Mafuta ya taa ni mepesi, na hatari yake kubwa haiko tumboni. Iko kwenye mapafu, ambamo huteleza mtoto anapopaliwa au kutapika, yakaleta nimonia kali ndani ya saa chache. Kwa hiyo kumtapisha mtoto kwa kidole, maji ya chumvi au maziwa ya kulazimisha, jambo ambalo jirani mwenye nia njema hulikimbilia kwanza, humwongezea madhara. Kostiki soda huunguza umio. Mtoto anayepona huweza kubaki na kovu linaloziba njia ya chakula, akahitaji kupanuliwa umio mara kwa mara kwa miaka.

Dawa ya tatizo hili inajulikana pia, nayo iko kwenye kifuniko zaidi ya duka la dawa. Mwaka 1967 Henri Breault, daktari wa watoto wa Windsor nchini Kanada, aliyechoshwa na kuwatibu watoto waliomeza vidonge, alisukuma matumizi ya kifuniko ambacho hakifunguki mpaka kikandamizwe kwa kiganja na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Nchini Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliripoti matokeo ya kugawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko vya aina hiyo katika kaya 20,000: matukio ya watoto kunywa mafuta hayo yalipungua kwa karibu nusu. Kaya ambayo haijapata chombo kama hicho inaweza walau kutenga dumu moja la mafuta ya taa lisilofanana na chombo chochote cha kinywaji, na kuliweka juu, ndani ya kabati lenye komeo.

Ajali ikitokea, mtoto asitapishwe. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza baadaye. Na chupa iliyotumika ifungwe vizuri, iende pamoja na mtoto. Mganga atainusa, atasoma kilichoandikwa kama kipo, atakadiria kiasi kilichopungua, na atauliza kabla ya jambo jingine lolote kama kilichokuwamo ndicho kilichoandikwa.