Mikono Inayotoka Mlandege Kuingia Wodini

Jioni wengi wanaoingia Hospitali ya Mnazi Mmoja hawana koti jeupe. Wametoka madukani Mlandege, wameshika noti, wameshika chuma cha daladala, na sasa wameshika chombo cha uji. Wanakwenda kumkagua mgonjwa, na kwetu hilo si jambo la hiari: usipokwenda utasemwa.

Sasa tazama adabu zetu zenyewe. Unampa mgonjwa wako mkono, unakaa ukingoni mwa kitanda, unamtengenezea shuka, kisha unageuka kumpa pole wa kitanda cha pili maana kumpita kimya si uungwana. Hapo vijidudu vimeshapata usafiri bila ya nauli. Kifua kikuu na surua hupita hewani, kweli, lakini vingi vya wodini hupanda mikono. Na mgonjwa mwenye mshono, kanula au mpira wa mkojo ana mlango wazi ambao wewe mzima huna. Bakteria aliyetulia juu ya ngozi yako bila kukudhuru, kwake anaweza kuwa usaha na homa.

Dawa yake ni rahisi mno, labda ndiyo maana tunaidharau: sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60, au spiriti ya mikono kwa sekunde 20 hadi 30, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Hata ukigusa kitanda chake tu, osha. Na uji mpe, ila kaa kwenye kiti.

Wahudumu wakiteleza, basi mambo huwa mazito zaidi. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo (wakati huo Zaire), hospitali moja ya misheni ilikuwa ikitoa mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi. Yalisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, akadungwa mgonjwa mwengine. Ebola ikapita humo humo. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280, na katika wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo walikufa 11. Watu walifuata tiba, wakarudi vijijini na maradhi.

Siku hizi sindano ni ya kutumia mara moja, ila hatari imehamia kwa anayeishika. Wenzetu wa skuli za afya, hii ni yenu. Ukichomwa na sindano iliyotoka kwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 0.3 kwa mia. Homa ya ini C, kama 3. Homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika 30! Sote tunaogopa VVU, kumbe anayetuvizia ni mwengine.

Kwa hiyo usiirudishie sindano kifuniko chake. Itupe palepale kwenye kisanduku cha usalama. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji, usiminye, kisha sema saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze mapema, na zisipite saa 72. Aibu ya kuripoti imewapotezea watu saa hizo bure. Glavu nazo si ngozi ya pili: ukishika simu nazo, umeshaichafua simu.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, na kwa kawaida humalizika baada ya miezi sita. Anayeingia wodini muhula ujao aanze wiki hii.