Mali za Kampuni: Kweli au Uongo?

"Gari ni mali ya kudumu." Inategemea liko kwa nani. Noah zilizopangwa kwenye yadi ya magari zikisubiri wateja ni stoki, mali ya muda mfupi, sawa na unga dukani. Moja ikitolewa hapo, akapewa meneja mauzo azungukie nayo kikazi, inahamia mali za kudumu na kuanza kukatwa uchakavu.

"Uchakavu ni akiba ya kununulia mashine mpya." Uongo, na umeponza wengi. Mashine ya milioni 20 itakayotumika miaka 5 hadi iishe thamani inakatwa milioni 4 kila mwaka, lakini vitabuni tu. Benki haiingii hata senti.

"Shamba la chai ni mali moja." Uongo, na hapa ndipo uhasibu unaponoga. Nenda Kericho. Ardhi, kampuni ikiimiliki moja kwa moja, haikatwi uchakavu. Mchai wenyewe, tangu 1 Januari 2016, umewekwa na viwango vya kimataifa kundi moja na mitambo, chini ya IAS 16, kwa kuwa kazi yake ni kuzaa majani mwaka hadi mwaka. Nao hukatwa uchakavu. Majani mabichi yaliyo juu yake yamebaki IAS 41, kiwango cha mali hai, na hupimwa kwa bei ya soko kutoa gharama za kuuzia. Yakishachumwa yanakuwa stoki. Ng'ombe wa maziwa wa shamba la pili, japo naye hukamuliwa miaka nenda rudi, hakuhamishwa pamoja na mchai. Yumo IAS 41 hadi leo. Pengine ni haki yake: akizeeka, buchani wanamsubiri.

"Salio la wateja wa M-Pesa ni mali ya Safaricom." Uongo. Fedha hizo hukaa benki chini ya mdhamini, kwa niaba ya wateja. Chake Safaricom ni ada.

"Wafanyakazi ndio mali yetu kubwa." Hotubani, kweli. Kwenye mizania hawamo, maana mtu anaweza kuacha kazi kesho na kampuni isiwe na la kumfanya. Soka lina mlango wake: klabu ikilipa ada kumsajili mchezaji kutoka klabu nyingine, ada ile huandikwa kuwa mali isiyoshikika na kupunguzwa kadiri mkataba unavyoisha. Kinda aliyekuzwa kwenye timu ya vijana, hata awe mfungaji bora wa ligi, vitabuni thamani yake kwa kawaida ni sifuri.