Maji Mazito na Ukuaji wa Mtoto: Sumu au Kipimo?

Bilauri ya maji unayokunywa nyumbani kwako Gisimenti, mjini Kigali, haina maji ya aina moja tu. Katika kila atomu 6,400 hivi za haidrojeni zilizomo, moja ina uzito mara mbili ya nyingine. Haidrojeni hiyo nzito huitwa deuteri. Iligunduliwa mwaka 1931 na mtaalamu wa Marekani, Harold Urey, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1934.

Maji yaliyofanyizwa kwa deuteri huitwa maji mazito. Kwa macho hayatofautiani na maji ya kawaida, lakini lita moja yake ina uzito wa kilo 1.1, na barafu yake huzama katika bilauri ya maji. Yamkini askari wamesikia habari zake katika historia ya vita. Februari 1943 makomando wa Norway waliharibu mitambo ya kuyatengenezea huko Vemork, ili Ujerumani isiyapate kwa utafiti wake wa atomiki. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba maji hayo yana mnururisho. La hasha! Deuteri ni isotopu tulivu. Haitoi miali yoyote.

Hata hivyo, kutokuwa na miali si kusema kwamba hayana nguvu juu ya viumbe. Mwaka 1933 Gilbert Lewis, mtaalamu wa kemia wa Marekani, alitia mbegu za tumbaku katika maji mazito matupu. Hazikuota. Zile zilizotiwa katika maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu ziliota polepole. Panya walionyweshwa maji hayo kwa wingi walikoma kuzaa wakati deuteri ilipofikia robo hivi ya haidrojeni ya maji ya mwilini. Ilipokaribia theluthi walidhoofika na kufa.

Sababu yake ni hii. Muungano wa deuteri na atomu nyingine ni imara kuliko ule wa haidrojeni ya kawaida, kwa hiyo kuukata kwahitaji nguvu zaidi. Kazi za mwili zinazotegemea kukata na kuunga haidrojeni hupungua kasi, na seli hushindwa kugawanyika ipasavyo. Na kukua ni nini, kama si seli kugawanyika na kuongezeka?

Hapa mama mwenye kichanga ana haki ya kuuliza: ikiwa ndivyo, mbona wataalamu wa lishe huwapa akina mama wanaonyonyesha maji hayo hayo wayanywe?

Jibu limo katika kipimo. Mama hupewa gramu 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, mara moja tu. Mwili wake una maji lita 30 hivi, basi hiyo ni sehemu moja katika elfu, pungufu mara 250 ya ile robo iliyowadhuru panya. Kisha deuteri hutoka kidogo kidogo kwa mkojo, jasho, pumzi na maziwa.

Hayo maziwa ndiyo yanayotafutwa. Kwa muda wa siku 14 mate ya mama na ya mtoto huchukuliwa mara kadhaa, na mashine hupima deuteri iliyomo. Ile iliyoongezeka kwa mtoto imetoka kwa mama, nayo huonyesha amenyonya kiasi gani kwa siku. Kadhalika, hesabu hufichua kama mtoto amepewa maji mengine pembeni, hata kama mama hakuwa na habari. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limeieneza njia hii katika nchi nyingi. Nchini Kenya ilitumiwa kwa akina mama wafugaji wa Pokot, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005.

Faida yake kwetu si ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa Rwanda wa mwaka 2019–20 ulionyesha kwamba watoto 33 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014–15 walikuwa 38. Kudumaa kuna sababu nyingi, na ulishaji mbaya wa kichanga ni mojawapo. Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa ya mama matupu kwa miezi sita ya kwanza. Aghalabu bibi au jirani humwonea mtoto huruma wakati wa joto akampa maji. Lakini maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa karibu sehemu 87 katika 100. Kiu ya mtoto hutulizwa kwa kunyonya.

Basi, akina mama, na nanyi akina baba mlio zamu mbali na nyumbani, mkiombwa kushiriki katika upimaji wa namna hii, msikimbie wala msikubali gizani. Ulizeni mambo matatu: kipimo ni gramu ngapi? Je, kamati ya maadili ya utafiti imeidhinisha? Nasi tutaelezwa matokeo ya mtoto wetu? Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na maswali hayo.